Saa Sita ya Rehema

Minjila, Ijumaa, kabla ya adhuhuri

Mwanangu Rehema,

Leo asubuhi nilinyamaza tena. Ulikuwa umesimama kando ya tangi la maji la hapa stendi, umeshajifunga mtandio, unamngoja mtu wa bodaboda akupeleke Kulesa ukamuage nyanya yako. Mzee Barisa akashuka kwenye pikapu yake, akanipa ufunguo, akasema bila hata kupunguza sauti, "Lakini yule mtoto hapana gusa gari yangu." Maneno ya kumjibu ninayo, nimeyapanga mwaka mzima. Nikasema, "Sawa, Mzee." Wewe ukapanda pikipiki. Kabla hamjaondoka ukageuka ukaniambia, "Mama, usisahau sponji ya chini ya kapeti, nyuma ya kiti cha dereva. Maziwa yamelala pale." Basi, ukaenda zako.

Tangu wakati huo nimesugua gari hili kwa hasira. Nimevunja brashi moja. Sasa viti viko nje juu ya mikeka, kapeti iko kwenye kamba, na jua, ambalo jana lilituchoma kutwa nzima, leo limejificha nyuma ya mawingu. Sina la kufanya ila kungoja vikauke. Nimechukua daftari langu la insha, la darasa la jioni, nimeketi juu ya jerikeni. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Isome leo ukirudi kutoka Kulesa, usingoje mpaka uingie kwenye basi kesho. Sababu utaiona mwishoni.

Sitakuandikia ule nini huko Mtwapa unakokwenda kuosha magari, wala ulale na nani chumba kimoja, wala uende kanisa gani. Hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kukuandikia kuhusu saa. Na humu ndani nitaandika "masaa" kila ninapotaka kusema muda wa kazi. Mwalimu wangu anisamehe. Safari hii nataka kueleweka.

Unakumbuka nilivyoanza lile darasa la watu wazima pale Garsen. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, na miaka yote hiyo nilikuwa naona haya nikipewa karatasi mbele ya watu nijaze. Mwalimu alipotufundisha kwamba neno "masaa" ni kosa, kwamba saa moja ni saa na saa kumi ni saa, nilirudi nyumbani kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Kila dereva aliyeleta gari hapa nikamsahihisha. Akisema, "Mama Rehema, itachukua masaa mangapi?" mimi namjibu, "Saa ngapi, si masaa mangapi." Kazungu, yule dereva wa gari la Malindi, ndiye aliyenipa jina la Mwalimu. "Mwalimu," alinipigia kelele siku moja mbele ya wenzake, "kama wingi wa saa ni saa, basi mimi nina gari tatu ama magari tatu?" Nikamwambia, "Wewe huna hata moja, hilo ni la tajiri yako." Walicheka sana. Nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kuchekesha watu kwa akili yangu.

Wewe ndiye pekee uliyeniambia ukweli. Tulikuwa tunakunja taulo, ukasema, "Mama, hapa si darasani. Mtu akiuliza kazi ni ya muda gani na wewe ukamjibu saa sita, atarudi saa sita mchana. Sema masaa." Nikakujibu kwamba usiniharibie Kiswahili. Ulikuwa kidato cha tatu, na mimi niliona wivu. Naliandika hili kwa shida. Niliona wivu kwamba mtoto wangu anaweza kuyapuuza maneno ambayo mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeyapata.

Halafu ikaja siku ile ya Mzee Barisa. Sijawahi kuisimulia yote mbele yako, kwa hiyo naisimulia sasa.

Alifika saa mbili asubuhi, ametoka Bangale usiku kucha. Alikuwa amekuja kuwachukua dada zake wanne Garsen, awapeleke harusini kwa binti yake huko huko Bangale. Gari lilikuwa limebeba mbuzi wiki nzima na madumu ya maziwa nyuma ya kiti, na dumu moja lilikuwa limemwagika. Akasema anataka kazi ya kung'oa viti, yote, ndani na nje, kwa sababu hawezi kuwapandisha shangazi wa bibi harusi kwenye harufu ile. Mimi nilikuwa nimelala chini ya lori, natoa udongo wa bonde kwenye matairi. Ufunguo alikupa wewe. Akakuuliza itakuwa tayari saa ngapi.

Ukaniita, "Mama, tumwambie saa nane?"

Mimi nikapiga hesabu chini ya lori. Kuosha nje, saa moja. Kung'oa viti na kapeti, nusu saa. Kusugua, moja na nusu. Kukausha, mbili unusu ikiwa jua ni kali. Kurudisha, nusu. Jumla sita. Nikakupigia kelele, "Kazi ni ya saa sita. Mwambie saa sita."

Ukasema, "Mama, masaa sita ama..."

"Rehema! Saa sita. Ndiyo sahihi. Mwambie hivyo hivyo."

Ukamgeukia ukamwambia, "Mama anasema saa sita, yaani..." na mimi nikakukata kwa jina lako, kwa ile sauti yangu unayoijua. Ukanyamaza. Mzee akasema, "Sasita, sawa," akaenda.

Adhuhuri alirudi. Viti viko kwenye mikeka, vinatiririka maji. Kapeti iko kwenye kamba. Dada zake wanne wamesimama nyuma yake na mashuka ya zawadi, wamevaa nguo mpya, wamepaka hina.

"Gari yangu iko tayari?"

"Bado, Mzee," nikamjibu. "Tulisema saa sita."

Akanyoosha mkono, akanionyesha saa yake. "Na hii nini? Hii si sasita?"

Madereva wote wa stendi walikuwa kivulini wanakula. Kazungu akaangua kicheko, akasema, "Mwalimu, leo umefeli!"

Mwanangu, wiki ile ile nilikuwa nimekuwa wa kwanza katika jaribio la Kiswahili. Nilikuwa nimekubandikia karatasi ukutani, unakumbuka, kana kwamba mimi ndiye mtoto na wewe ndiye mzazi. Neno "umefeli" liliniingia mahali pabaya. Nikageuka, nikakuonyesha kwa kidole, nikasema, "Ni huyu aliyekuambia saa sita, Mzee. Ni Rehema."

Sikusema uongo hata neno moja. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kama ningesema uongo, ningeungama kanisani nikamalizana nao. Nilisema ukweli mtupu, ukafanya kazi ya uongo.

Ulikuwa na spana mkononi. Ulinitazama mara moja tu, kama mtu anayetazama kama mvua itanyesha. Halafu ukamwambia, "Samahani, baba." Tukavirudisha viti vikiwa vimelowa, mimi na wewe. Uliniambia kwa sauti ndogo kwamba angalau tuweke mifuko ya plastiki juu, mimi nikasema hakuna wakati. Wale mama wakakalia sponji iliyojaa maji, njia nzima, na barabara yenyewe unaijua. Mashuka ya zawadi yakachuja rangi. Wakashuka harusini wamelowa nyuma kama watoto wachanga, mbele ya ukoo mzima wa bwana harusi. Habari zilitufikia kabla ya wiki kwisha.

Na hapo stendi ikazaliwa ile mizaha. Gari likichelewa kuondoka, abiria akiuliza tunaondoka saa ngapi, Kazungu anajibu, "Saa sita ya Rehema." Fundi akiahidi pikipiki leo na kuitoa kesho kutwa, "Huyu naye ana saa ya Rehema." Hata mama wa chai anasema. Wanasema mbele yako, nawe unatabasamu, unainama, unaendelea kusugua. Mwaka mzima wateja wameniambia, "Mama, osha wewe, si msichana." Ukaacha kupokea magari. Ukahamia nyuma, kwenye viti na kapeti, ambako hakuna anayekuona. Na huko nyuma, huku mimi napokea sifa huku mbele, ukawa mjuzi kuliko mimi.

Nilikuwa na nafasi zaidi ya mia za kusema, "Jamani, ilikuwa saa yangu." Kila siku niliiahirisha. Nilijiambia mizaha itachoka. Nilijiambia wewe umesahau. Nilikuuliza mara moja, tukila, kama bado unaumia, ukasema, "Sawa, Mama." Sijui sawa ile ilikuwa jibu la swali gani. Nilikasirika nawe, naomba unielewe, nilikukasirikia wewe kwa kutonigombeza. Ungenigombeza ningejitetea, tungepiga kelele, yangekwisha. Wewe ukaniachia jambo lote nilibebe mwenyewe, nami nikaliweka chini na kulipita.

Yule bwana wa Mtwapa alipokupigia simu nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia akikuuliza unaweza kumaliza kusafisha gari zima kwa masaa mangapi. Ukamwambia, "Inategemea limebeba nini." Akasema vijana wake wanamaliza kwa mawili. Ukasema, "Mawili ni ya kufanya ling'ae. Kama mtu amemwaga maziwa, baada ya siku tatu atakurudishia." Nilijua amekuchukua kabla hajasema. Nilitaka kutoka nikukumbatie, nikabaki pale nimeshika pazia kama mwizi.

Kwa hiyo kazi sitakufundisha. Nitakuambia tu ambapo mimi nilianguka, huenda ukapita kando.

Nilipoanza kuosha magari, wewe ukiwa mgongoni bado, nilitaka kila kitu king'ae. Mtu mmoja aliniletea gari dogo, nikapaka mafuta ya kung'arisha kwenye dashibodi, kwenye milango, halafu kwa sababu yalibaki, nikapaka na kwenye pedali. Zikang'aa kama kioo. Mwenye gari akakanyaga breki, mguu ukateleza, akaingia kwenye ua wa jirani. Hakuumia mtu, ila alinitukana mpaka nikakosa pa kuficha uso. Miaka mingi nilidhani nimejifunza siku ile. Kumbe nilijifunza kuhusu pedali tu.

Huko utakuta tajiri anayemwambia mteja masaa mawili huku wewe unaona kabisa kazi ni ya siku nzima. Sijui utafanya nini. Mimi ningetamani useme, lakini mimi ni nani wa kukuambia useme? Wewe ulisema, mara mbili, na aliyekunyamazisha ni mama yako. Ninachoogopa ni kwamba nimekuzoesha. Ninaogopa mtu mwingine atakukata kwa jina lako kwa sauti kama yangu, nawe utainama uendelee kusugua. Hilo likitokea, kosa lake litakuwa na alama ya kidole changu. Nimefika hapa nimekwama kidogo, ngoja nigeuze viti.

Bado vimelowa. Nimebonyeza kwa kiganja, maji yakatoka. Nilimwambia Mzee arudi saa tisa, na nikanyoosha mkono nikamwonyesha mahali jua litakapokuwa, kama ulivyonifundisha. Lakini jua halipo! Ningekuwa na mtu wa kumlaumu leo ningemlaumu.

*

Saa kumi na moja kasorobo.

Mzee Barisa alirudi saa tisa kamili, ametoka kula baada ya sala. Viti viko nje. Nilidhani atapiga kelele. Akavitazama, akatazama mawingu, akasema, "Leo hii kosa ya Mungu, si ya mtu." Akavuta jerikeni, akaketi. Hakuwa na pa kwenda, viti vyake vilikuwa kwenye mikeka yangu. Tukakaa hivyo, yeye anachokonoa meno, mimi napuliza kapeti kwa mashine.

Sijui ilikuwaje. Labda kwa kuwa nilikuwa nimeinama kwenye ile sponji ya nyuma ya dereva na kweli maziwa yalikuwa pale, kama ulivyosema, magumu kama sabuni. Nikamwambia, "Mzee, unaona hii? Mwaka jana hatukuitoa. Ningekuwa nimemsikiliza Rehema tungeitoa."

"Rehema gani?"

"Yule msichana."

Akasema, "Yule aliniharibia harusi ya mtoto wangu."

Nikasema, "Mimi ndiye niliyeharibu."

Nilimwambia yote, kuanzia chini ya lori. Nilimwambia kuhusu darasa, na masaa, na jinsi ulivyotaka kumwambia saa nane nikakukata. Nilifika mpaka mwisho. Alinisikiliza ananitazama midomo, kama anayehesabu mifugo ikipita.

Akasema, "Hii maneno ulikuwa nayo siku ile?"

"Nilikuwa nayo."

"Na mtoto akasema samahani baba."

"Ndiyo."

"Mimi nikamfukuza kama mbwa." Akasimama. Nilidhani anakuja kunipiga. Akatembea mpaka kwenye gari, akarudi. "Dada zangu wanachekwa mpaka leo. Mimi mwaka nzima, kila mahali nakwenda, nasema hii maneno ya mtoto yako. Hola nasema. Bangale nasema. Sasa mimi nakuwa mwongo, kwa sababu ya wewe."

Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia nitakuandikia barua kabla hujapanda basi kesho kwenda Mtwapa, kwamba niko katikati ya kuiandika, nikamwonyesha daftari. Akalitazama kama kitu kilichooza.

"Barua ya nini? Wewe ulimsema kwa barua?" Akaonyesha ardhi kwa kidole, pale pale tuliposimama siku ile. "Ulimchafua hapa. Watu walisikia. Msafishe hapa, watu wasikie."

Alikuwa ameshika kitu ambacho mimi, pamoja na insha zangu zote, sikukiona. Nilidhani nikikuandikia vizuri, kwa aya nzuri na nukta mahali pake, nitakuwa nimemaliza. Nilikuwa naosha nje.

Tulirudisha viti pamoja, yeye anashika upande mmoja. Vilikuwa vikavu. Alibonyeza kila kimoja kwa kiganja, akanusa. Alipopanda akateremsha kioo. "Gari ya mtoto inatoka saa ngapi kesho?"

"Saa moja."

"Saa moja ama masaa moja?" Hakucheka. Sijui hata sasa kama ulikuwa mzaha. "Nitakuwa hapo. Nataka sikia na hii masikio yangu. Nikitoka hapo nitajua nini ya kusema Hola."

Kwa hiyo, Rehema, kesho asubuhi, kabla ya basi kuondoka, nitasimama pale stendi na kusema. Kazungu atakuwepo, mama wa chai atakuwepo, Mzee Barisa atakuwepo. Nitasema kwamba saa sita ile ilikuwa yangu, kwamba ulinikataza na mimi nikakunyamazisha, na kwamba anayetaka kuendelea na mizaha aseme saa sita ya Mwalimu. Huenda wakanicheka mpaka mwisho wa mwaka. Huenda nikakosa la kusema nikaanza kulia, unajua nilivyo. Nimekuandikia mapema ili usishtuke, kwa sababu nakujua. Utaona haya kwa ajili yangu. Utanivuta leso na kuninong'oneza, "Mama, wacha, gari linaondoka."

Usinivute. Niache nimalize. Ni maneno machache, hayatafika hata dakika mbili, na dereva akipiga honi, mwambie angoje.

Mama yako